Chumba Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumapili watakuja na nyundo zao za chuma.
Leo Alhamisi, mie bado niko mapokezi,
Hoteli Sidra, Ruwi, kiyoyozi kinakohoa,
na Bwana Pemberton, mfamasia mstaafu,
ameniwekea daftari lake juu ya kaunta:
majengo arubaini na moja, ati, nchi kumi na tatu,
kila walipolala, walipokula, walipoingia kujificha mvua
wale vijana wanne wenye nywele za bakuli.

"Na hapa pia," anasema. Ananyooshea kidole
kibao cha shaba kando ya lifti:
WALILALA HAPA, 1966.

Bwana, kaa. Onja halua kwanza.
Hebu nikuhesabie.
Zege la nguzo hizi lilimwagwa sabini na nne.
Mwaka huo wa kibao hapa palikuwa changarawe,
mbuzi, na ncha ya uwanja wa ndege za jeshi.
Maskati ikifunga malango yake usiku;
atembeaye bila kandili, korokoroni.
Nani angeleta magita
kwenye mji ambao hata redio ilinong'ona?

Kibao ni cha Bwana Varghese, meneja.
Alikichongesha Matrah, kwa fundi wa vikombe vya mpira,
kiangazi cha themanini na mbili, vyumba vitupu,
joto digrii arubaini na nane, mishahara haijulikani.
Uongo ule ulitulisha miezi mitatu.

"Najua," anasema. "Nusu ya majengo yangu ni waongo.
Huwapiga picha vilevile.
Lakini hii?"

Nyuma yangu, kwenye fremu: visogo vinne
ukingoni mwa bwawa, nywele zimefunika masikio.
Anavaa miwani. Anasogea.
"Huyu wa pili kutoka kushoto,
mbona amevaa kikoi?"

Miaka yote hii,
hakuna aliyeuliza habari ya kikoi.

Basi nikamwambia. Sabini na tano tulishuka
familia saba, sita za Unguja, moja ya Bujumbura,
tukawekwa hapa mpaka nyumba zipatikane.
Watu kumi na mmoja chumba mia mbili na kumi na nne.
Mama yangu, Bi Ghaniya, akikuna nazi bafuni,
amekalia mbuzi aliyoichukua
pale wenzake walipochukua bangili.
Na wajomba zangu wanne.
Kule, nywele zikigusa kola tu,
kijana alikamatwa njiani akanyolewa kavu.
Wenyewe waliugeuza ule msemo:
mwenzako akinyolewa, wewe kimbia.

Feisal alibeba santuri ya wale wanne,
imeviringishwa ndani ya kanga, bila gramafoni.
Miezi minane haikuimba.
Waliizungusha kwa kidole kitandani,
mmoja akihesabu, watatu wakitikisa vichwa,
na nywele wakaziacha zishuke.

Varghese alipiga picha kutoka nyuma
kwa sababu Mbarak hakutaka kuonekana.
Bwawa halikuwa na maji. Halijawahi kushika maji.

Nilitaka acheke. Hakucheka.
Alifungua mstari wa arubaini na mbili,
akafuta alichokwisha kuandika,
akaomba majina, herufi kwa herufi.

Feisal. Aliendesha lori la maji Sohar, marehemu.
Mbarak. Yuko Barka, kipara kama yai.
Seif-Nasor. Hatusemezani, usiniulize.
Badi, mdogo wao,
aliyelia peke yake siku tulipopewa nyumba,
akakataa kutoa funguo.

"Na santuri?"

Hilo nalo usiniulize.
Nikavuta mtoto wa meza, nikampa bisibisi.
Skrubu tatu zitatoka bila taabu.
Ya chini kulia ina kutu; itakubidi uibembeleze.