Hesabu ya Pete

Ligi imekwisha tangu Agosti. Leo korosho za kwanza
zimeingia ghalani, bado zina joto la jua,
na mimi, karani wa mizani, nimefungua daftari kwa nyuma,
kurasa ambazo mhasibu hafiki.

Mechi kumi na nne. Mirusho mia tatu na kumi na mbili.
Iliyoingia: mia moja themanini na saba.
Nimerudia mara mbili, kama ninavyopima gunia la mtu mbishi.
Sitini kwa mia, kasoro chembe.
Ingekuwa korosho ningeandika: daraja la pili,
nikagonga mhuri, nikaita, "Anayefuata!"

Lakini ni mkono wangu huu.

Tumemaliza wa nne katika timu nane.
Si haba, alisema kocha Nandonde, akitafuna muhogo wetu.
Si haba ni neno la kumfariji mgonjwa.
Mimi naikumbuka mechi ya Hospitali,
thelathini kwa thelathini, refa kipenga mdomoni,
Asumini kanipa mpira laini, mpira wa kumpa mtoto,
nami ndani ya nusu duara, sekunde tatu zangu mwenyewe.
Newala upepo hauvumi, unapanda:
unatoka Ruvuma, chini huko, unaparamia gema,
unafika uwanjani na hasira za safari.
Nililijua hilo. Nimezaliwa hapa.
Mpira ulizunguka pete, ukachungulia ndani
kama mkwe anayebisha hodi asiingie,
ukatoka.

Wiki nzima nililaumu upepo.
Nikalaumu nguzo, ambayo fundi Chihako
aliichomelea ikiinamia sokoni.
Daftari halina safu ya upepo.
Lina iliyoingia na isiyoingia.

Na lina hili, ambalo sikulitafuta:
mechi saba za mwanzo, sabini na moja;
saba za mwisho, mia na kumi na sita.
Nini kilibadilika? Si goti, goti lilizidi kulia.
Si viatu, ni vilevile vya kuazima.

Kila mechi refa hutukagua: kucha, hereni, pete.
"Vua." Navua, nampa bintiye Asumini
aifunge kwenye pindo la kanga.
Aliyenivisha alikwenda Montepuez kuchimba rubi,
mwaka wa tatu huu; simu yake inaita
kama kengele ya shule wakati wa likizo.
Baada ya mechi ya saba sikuidai.
Mtoto hakunikumbusha. Kidole hakikuuliza.
Chanda na pete, walituimbia siku ile;
chanda kimebaki na mstari mweupe
unaokolea rangi taratibu.

Sisemi ndiyo sababu.
Karani haandiki asichokipima.

Mwakani, basi:
sitini na nane kwa mia. Sabini ni ahadi ya mgombea.
Hamsini kila alfajiri, kabla ghala halijafunguliwa,
ukungu ungali umelala uwanjani.
Kiwiko kiingie ndani. Goti likunjwe hata likinuna.
Upepo niupe haki yake, shibiri moja kushoto,
nisigombane nao kama wifi.
Nisimtazame Tekla wa Hospitali, anayecheka akikaba.
Na Asumini nimwambie asante,
maana msimu mzima nilimwambia "leta" tu.

Leo nimeanza. Thelathini na moja katika hamsini.
Si haba...
Hapana. Thelathini na moja.
Nimeandika.
Anayefuata.