Daftari la Cimpunda

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Kushoto: mananasi ya Idjwi, marakuja, sukari,
hamira, vizibo, mgongo wa mbebaji.
Kulia: chupa zilizotoka.
Tulikuwa wanawake watano chini ya bati moja
huku Cimpunda, ambako nyumba inakanyaga bega la nyumba,
na ukiunguza maharagwe
jirani wa chini anakupa pole kabla hujaepua.

M'Cirhuza alirithi mkono wa bibi yake,
aliyekamua ndizi za kasiksi kwenye mtumbwi wa mti.
Nzigire alileta kipimajoto, na ukali.
"Mwenye pupa," alisema, "atauza siki."
Chupa tuliziokota matangani na arusini,
tukazichemsha hadi zikasahau zilikotoka.
Na kila mwezi, kabla ya mtu kununua hata kitenge,
tulitoa ada ya watoto kumi na mmoja:
wanne wa Vumilia, watano wa marehemu Nabintu,
na wawili ambao hatukuwahi kuulizana ni wa nani.

Mchungaji Bisimwa alituhubiri kila Jumapili ya pili.
Kipaza sauti chake kilielekea mlangoni petu.
Tulimsikiliza huku tukichuja.

Moto ulianzia kwa mchomelea vyuma, saa nane mchana,
siku ya nne ya bomba kukohoa hewa.
Gari la zimamoto lilifika hadi mwisho wa lami,
likasimama pale likipiga honi,
maana kwetu kunapandwa kwa ngazi za udongo.
Watu walileta ndoo. Ndoo tupu.
Mtu alishika ndoo tupu akazunguka nayo,
kama vile mikono ikiwa na kazi maji yatakuja.

Sikumbuki nani alisema.
Nzigire anasema ni mimi; mimi nasema ni yeye.
Mvinyo mchanga wa wiki moja ni maji zaidi kuliko kitu kingine.
Tulikuwa na mapipa saba.

La kwanza, la pili, la tatu,
ndoo zikipita mkono kwa mkono,
moto ukatoa mvuke mtamu, mzito,
harufu ya Krismasi iliyokosea nyumba.
La nne. La tano. La sita.
Mchungaji alikuwa juu ya bati, koti limelowa nanasi,
akipiga kelele: "Leteni mvinyo! Leteni mvinyo!"
na hakuna aliyepata nafasi ya kucheka.

La saba, M'Cirhuza alikuwa amelikalia.
"Hili ni la shule," alisema. "Hili hapana."
Hatukumsogeza. Nani angemsogeza?
Moto ukavuka ua wa Mama Ntakwinja,
ukashika mlango wa chumba alimolala na kiharusi chake.
M'Cirhuza akainuka peke yake,
akafungua kifuniko, akageuka, akatazama ukuta.

Nyumba tatu ziliungua. Ishirini na kitu zikabaki.
Jioni kuku walitembea upande upande,
wakaanguka, wakalala wazi kwa aibu.

Usiku nilifungua daftari.
Lita mia tisa na themanini. Niandike nini?
"Zimeuzwa" ni uongo.
"Zimemwagika" ni tusi.
Nikaacha nafasi.

Watoto watatu walirudishwa shuleni mwezi ule.
Nalisema hili kwa sababu wanaosimulia huliruka.
Kisha mchomelea akaja na franga zilizonuka moshi,
Mama Ntakwinja akamtuma mjukuu na mananasi mawili,
moja limeoza upande.
Watu wakaleta chupa. Chupa, chupa, chupa,
hata za dawa ya kikohozi.
Mchungaji alileta kipaza sauti chake, tukiuze.
Hatukukiuza. Tulimwomba tu akigeuze.

Mapipa mapya ni manne; hayajafika saba.
Mvua ikinyesha, ukuta wa Ntakwinja bado unatoa utamu,
na nyuki wanaupapasa wakitafuta ua.
Ile nafasi daftarini bado iko.
Mkaguzi wa kodi aliweka kidole pale, akaniuliza.
Nikamwambia avute pumzi.
Akavuta, akasubiri maelezo.
Nikaendelea kuhesabu vizibo.