Konzi

Jumamosi nakusanya mchele wa kanisa.
Ngazi mia na kumi, Aizawl imezama ukunguni.
Kwa mkandarasi Rokhuma nimepewa gunia zima
na agizo: karani alitaje jina lake polepole.

Kwa Bi Thangzuali kuna kopo la maziwa.
Kila apikapo, kabla maji hayajachemka,
huchota konzi moja, akaitia humo:
"Hii ya Mwenye Shamba."
Leo nimechungulia sufuria yake:
maji, chumvi, na punje za kuhesabika.

Nikasema, "Bibi, juma hili tulisamehe kopo.
Mungu hali wali."

Akanyanyuka, mfupi kama mchi,
akanipiga konzi ya utosi,
vifundo vikavu kama tangawizi:
"Umekuja kunifukarisha?
Ukinitoa kwenye watoao, nitabaki na nini?"

Nikafungua gunia.
Mchele wake ukazama ndani ya ule wa Rokhuma,
nisiweze tena kuutenga.

Nashuka ngazi nikijipapasa kichwa.
Mfukoni nina noti, imekunjwa mara nne,
tangu Krismasi
inangoja nitajirike.