Upepo wa Ubavuni

Zamani kiwanja chetu kilitazama mashariki,
kule utokako upepo wa Ruai.
Ndege ikipaa ilikutana nao ana kwa ana,
kama mdai na mdaiwa wasiofichana.
Kisha likaja lori la mawe ya Ndarugo.
Ukuta ukapanda upande wa magharibi,
ukaandikwa kwa rangi nyekundu
PLOTI HII HAIUZWI,
nasi tukabakiwa na ukanda mmoja wa changarawe,
hatua sitini, kaskazini kwenda kusini.
Na upepo, ambao hakuna aliyeuuzia ploti,
ukaendelea kupita pale pale ulipozoea kupita,
sasa ubavuni mwetu.

Ndege yangu ni sponji la kufungia friji,
gundi, fito tatu za mwanzi,
na mota niliyonunua Luthuli kwa mtu asiyetoa risiti.
Haifiki uzito wa pakiti ya unga.

Jumamosi ya kwanza niliibamiza ukutani, pale kwenye Z.
Kipande cha bawa kikaruka ng'ambo, sikukifuata.
Jumamosi ya pili ilimpata mbuzi.
Mbuzi hakuumia,
ila mwenyewe alidai mia mbili za mshtuko.

Kerubo hutengeneza cherehani Gikomba siku zote,
Jumamosi mchana huja hapa na kofia yake ya sufu.
Alinitazama nikiokota magurudumu.
"Ulikuwa unailenga wapi?"
Ukandani, nikasema.
"Ndiyo maana iko ukutani.
Ilenge kando. Pua uupe upepo,
njia ibaki yako.
Iache ije mshazari,
kama mtu anayepitisha godoro mlangoni."

Akafunga utepe wa kitenge kwenye ufito, akauchomeka ardhini.
"Huu ni bendera, kufuata upepo ndiyo kazi yake.
Wewe hukuja hapa kuwa bendera."

Tukafanya mazoezi miezi miwili.
Vidole gumba viwili, kila kimoja na shauri lake:
kimoja kinaliinamisha bawa upande wa upepo,
kingine kinausukuma usukani wa mkia upande wa pili.
Mikono igombane, ndege inyooke.
Na ikija kwako, kushoto kwake ni kulia kwako.
Hapo nilikwama,
mtu wa miaka arobaini na saba
aliyejua kushoto kwake tangu chekechea.

Leo Kerubo hayupo, ana arusi Nyamira.
Betri imeanza kulia,
na vumbi lote la Barabara ya Kangundo limehamia huku.
Naikunja kona kwenye nguzo za stima, mapema,
kabla ya kuhitaji.
Inakuja kwangu na hainitazami,
kama mtoto aliyetumwa kuomba radhi.
Mita kumi.
Utepe umelala kabisa hewani.
Mita tano. Bawa la kushoto chini kidogo,
la kushoto, yaani kulia, yaani lile la upepo,
na dakika ya mwisho nausukuma usukani,
pua inarudi njiani
kwa muda wa kupepesa jicho, na muda huo unatosha.
Gurudumu la mashariki linagusa. Peke yake.
Linakimbia peke yake hatua nne, tano,
kisha la pili linashuka
taratibu, kama mgeni asiye na hakika na kiti.

Juu ya ukuta kumechomoza kichwa.
Ni Ekiru, askari wa ploti tupu.
"Imekuja upande upande," asema, "lakini imefika."
Anainama, anainuka na kipande cha sponji.
"Hiki ni chako. Nimekiweka tangu Januari."
Anakirusha.
Upepo unakidaka, unamrudishia kifuani.
Anakitazama. Anakigeuza mkononi,
bapa chini, ncha mbele,
anaulekezea upepo ile ncha, anakiachia,
na kinakuja, kikiyumba,
mpaka miguuni pangu.