Pini Moja

"Chagua moja," alisema mkurugenzi Radim,
"moja ya yule bwana mkubwa, yoyote uipendayo,
tutaicheza Ijumaa ya kukuaga."
Alisema kama mtu anayemkaribisha mgeni chai,
nami nimepiga magoti chini ya gauni la mtu.
Miaka thelathini na minane hapa Olomouc,
chumba cha mavazi, dirisha moja
linaloona viatu vya wapita njia, na theluji.

Mchagua jembe si mkulima, nikamjibu.
Akacheka. Akaacha karatasi juu ya cherehani.

Ukweli ni kwamba sijaiona hata moja kwa mbele.
Nazijua kwa uzito.
Ile ya sanamu la jiwe linaloalikwa kula:
joho la kijivu, kilo tisa,
kila msimu linamuumiza mtu bega,
nami natia pamba, natia pamba.
Ile ya filimbi ni manyoya. Manyoya kwenye supu,
manyoya nyweleni mwangu mpaka Pasaka.
Ile ya wanaume wawili wanaojigeuza wageni
ili kuwajaribu wachumba wao
ni masharubu ya gundi, hubanduka kwa jasho.
Marehemu mume wangu, Bohdan, aliyevuta pazia, alikuwa akisema:
mwanamke wa kumpotezea mchumba wake kwenye masharubu
ama ni kipofu ama ni mwerevu.
Kisha ananitazama: wewe je?

Wenzangu walikwisha kunichagulia.
Květa wa kofia alitaka filimbi, wajukuu waje.
Otakar wa taa alitaka jiwe,
ana moshi mwekundu hajautumia
tangu watu wa zimamoto waje kukagua.
Mpiga obo mmoja alinishika mkono ngazini
kana kwamba naandika wosia:
"Yoyote, mama, ila zile za ujana wake. Hatujazifanyia mazoezi."

Siku nne karatasi ilikaa.
Niliandikia orodha ya sabuni.

Usiku wa nne nikaangusha pini.
Sakafu ya mbao, taa hafifu. Nikapapasa,
goti likalia kabla yangu mimi.
Hapo nikaikumbuka ile ya harusi,
mwanzo wa sehemu ya nne,
kabla mabwana na mabibi hawajaanza kudanganyana gizani:
anatoka binti wa mtunza bustani na taa mkononi,
amepoteza pini.
Basi. Pini tu.
Anaimba dakika mbili kasoro,
fidla zimezibwa midomo,
kwa huzuni ambayo wafalme wa opera nyingine
hawakupewa hata wakifa.

Nani alimwambia yule bwana?
Alimwona mshonaji gani akitambaa
hata akajua kwamba pini ikipotea
kinachotafutwa si pini?

"Safi!" alisema Radim. "Ile ya msamaha mwishoni.
Kila mtu huipendea msamaha."
Nikamwacha na msamaha wake.

Ijumaa wakaniketisha safu ya tatu, kiti cha kumi na nne,
koti safi, ukosi mtupu bila pini hata moja.
Niliona haya kama niliyetoka bila meno.
Nyuso zao! Nilizoea migongo.
Walikuwa wazee kuliko nilivyodhani, na wazuri.
Sehemu ya tatu, katika ngoma ya harusi, Zdislava,
mtoto mwenye miezi sita tu kwetu,
akageuka, pindo likaachia kushoto,
nusu kidole. Hakuna aliyeona.
Nikainuka. Samahani, samahani, goti la mtu, kofia ya mtu,
mlango mdogo, ngazi kumi na moja za giza.
Květa akanimiminia pini kiganjani bila kuuliza.

"Simama wima," nikamwambia mtoto.
Fidla zilikwisha kuanza.
Nikabana, nikabana, akaniponyoka
akaingia kwenye mwanga wa buluu, kutafuta.

Nilimsikiliza palepale pa siku zote,
nyuma, kwa magoti,
pini tatu zimebaki kati ya midomo,
na mwenye pini midomoni
hathubutu hata kumeza mate.