Shazia

Mimi hushona midomo ya magunia.
Sokoni Kibaigwa, banda la tatu toka kwenye mzani,
malipo kwa gunia, uzi juu yangu.
Shazia niliachiwa na mama mkwe,
imepinda kidogo, kama mgongo wake.

Sikusoma jiografia.
Darasa la saba lilinitosha, nami sikulitosha.
Lakini niulize habari za majirani:
huja zenyewe, zimepakiwa kwenye semitrela,
zinapiga honi alfajiri, zinadai chai.

Uzi mwekundu ni wa Musyimi, mtu wa Machakos.
Mwaka juzi alikuja na kovu bichi juu ya jicho.
Vijana wa Nairobi walikuwa wameingia barabarani kukataa kodi,
naye akapita katikati yao, katikati ya moshi,
akimtafuta mwanawe.
Ulimpata?
"Nilipata kiatu," akasema,
akahesabu magunia, akakosea, akaanza upya.

Uzi wa bluu ni wa Nduwayo.
Kwao mafuta hupangiwa foleni siku tatu,
watu hulala wamekumbatia madumu.
Akifika hapa hujaza tangi, hujaza madumu,
angeweza angejaza na viatu,
kisha hubaki akikitazama kituo cha mafuta
kama mtu aliyepita kwenye harusi ya wengine.

Uzi wa kijani ni wa Kasereka wa Butembo.
Mgeni wa kwanza kuniomba nimwongezee mlenda.
"Mama Chilewa," alisema, akilamba kidole,
"mahindi yako hufika kwetu yamelipa kodi mara nne:
serikali, waasi, waliowaasi waasi,
na mvulana mmoja mwenye bunduki
aliyefunga kamba njiani."

Sasa nilisemeje hili bila kuona haya?
Vita vikipamba moto kule, debe hapa hupanda bei.
Mpaka ukifungwa, hushuka.
Redio ikitangaza kwamba vibali vimesitishwa,
malori thelathini hulala uwanjani,
mahindi huvuta unyevu, huota sumukuvu,
na madalali hutukana nchi zote kwa zamu,
ya kwetu ikitangulia.

Ndahani, mume wangu, analima ekari sita Mtanana.
Yeye hufungua redio kusikiliza njaa iko wapi,
kama wenzake wanavyosikiliza mpira.
"Turkana vipi?" huniuliza nikirudi.
Nami humjibu.
Hatuna roho mbaya. Tuna ada ya shule.
Njaa ya jirani imetuezekea bati
upande mmoja wa nyumba.
Upande wa pili bado ni tembe:
mwaka ule majirani walivuna.

Na bibi yangu alikwenda kuhemea Ukaguru,
siku mbili kwa miguu, mtoto mgongoni, mtoto mkononi.
Hakuna aliyemdai kibali.
Alirudi na vibaba vitatu vya mtama
na mtoto mmoja.
Hakutuambia ni wapi alimwacha mwingine.
Alikuwa akipepeta, alipepeta mpaka ungo ukawa mtupu,
akaendelea kupepeta.

Msimu huu Kasereka hajaja.
Nikimpigia, mwanamke mtulivu
hunieleza jambo kwa Kifaransa, kisha hukata.
Wiki iliyopita kijana nisiyemjua
alishusha magunia matupu yenye alama yake,
ile K iliyolala ubavu.
Alitaka uzi mweusi.
Nilikuwa na maswali, nikayang'ata pamoja na ncha ya uzi.
Nikashona. Mia na arobaini, mpaka saa mbili usiku,
mkono wangu ukijua kazi,
mimi nikiwa sijui ninamfungia nani mdomo.

Kidonge cha kijani kiko msumarini, nusu.
Chilewa alikitaka ashonee mkoba wa shule.
Nilimkemea, akashangaa,
kwa maana uzi ni uzi.
Nikamnunulia wa zambarau,
ambao bado hauna mwenyewe.