Siku Ishirini na Nane

Barua ya kamati imekuja kwa stempu ya bei rahisi:
Kiwanja namba 41. Sangari zako zimevuka njia.
Siku ishirini na nane, la sivyo atapewa mwingine.
Mwingine yupo. Hapa Gateshead foleni ya viwanja
ni ya miaka sita.

Bwana Harbottle wa namba 42 hana maneno mengi.
Ameniachia mlangoni mwa kibanda chupa ya dawa,
ya manjano kama mkojo wa asubuhi,
na kikaratasi: Nusu saa, kazi imekwisha.

Nimeishika. Nyepesi.
Bomba la baba lilikuwa zito, la mgongoni,
likivuja kwenye mshipi mpaka shati likabadilika rangi.
Pamba yetu kule Maswa ilikuwa nyeupe pe,
haina funza hata wa dawa.
Nyuki pia hawakuwapo.
Na kikohozi cha baba, zahanati
hawakuwahi kukiandika jina.

Chupa nimeirudisha juu ya ukuta wake
pamoja na vitumbua vinne.

Basi uma. Uma wa meno manne, na magoti mawili.
Sangari haing'olewi kwa hasira: ukiivuta inakatika,
na kila kipande kinaanzisha ukoo.
Unaifuata chini kwa chini kama mtu anayefuata uvumi,
fundo kwa fundo, mizizi myeupe kama tambi,
mpaka umfikie aliyeanza.
Ndoo kumi na moja.
Kisha nimetandika maboksi, na juu yake samadi ya farasi.
Kisichoona jua kitakata tamaa,
au ndivyo ninavyojiambia.

Juni, saa nne usiku, mbingu ya huku bado haijaamua.
Natoka zamu, narudi na tochi.
Koa ndio hao, wanene, weusi,
kila mmoja na wino wake wa fedha
akitia saini kwenye sukuma wiki yangu.
Niliwategea bia katika vikopo vya mtindi:
wengine wakafa,
wengine, naapa, wakaondoka wamelewa tu.
Maganda ya mayai wakayapanda kama ngazi.
Majivu yalifaa hadi iliponyesha,
na mvua ya hapa haibishi hodi.
Sasa naokota kwa mkono. Jana mia na tisa.
Leo themanini na mbili.
Nahesabu kwa Kisukuma, kama bibi,
kabla bomba halijaingia nyumbani,
alivyohesabu viwavi, mmoja mmoja, ndani ya kopo.

Maharage yamepata vidukari.
Sabuni ya kipande, kitunguu saumu, pilipili:
wamepungua, hawakuisha.
Siku ya kumi na tisa akatua mdudu-kibibi,
peke yake, na madoa yake saba, kama mkaguzi.
Nikaiweka sabuni chini.

Siku ya ishirini na nane amekuja Bi. Thirlwell na daftari.
Amepima njia kwa hatua za viatu vyake.
Kisha akainama, akafunua boksi moja
aone ninachoficha.
Chura. Mkubwa, mkavu wa uso,
amejikalia kama mpangaji aliyekwisha lipa kodi.
Bi. Thirlwell amelirudisha boksi polepole,
kama unavyomfunika mtoto aliyelala,
akaandika kitu. Sikukisoma.

Chupa bado iko ukutani, kifuniko hakijaguswa;
mvua imeshafuta maandishi.
Bwana Harbottle amesimama upande wake,
mikono mifukoni.
Ameuliza vile vitumbua vilitiwa nini.
Iliki, nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, akatazama majani yangu,
na matundu yake mengi kama ya wavu.
Unayala hayo?

Nimeyakata membamba mbele yake.
Nikamwambia, sufuriani
tundu halina ladha.